Kufuata makala moja kwenye Wikipedia za lugha nyingi kwa API ya MediaWiki

Wikipedia ya Kiswahili, Wikamusi, Commons na Wikidata ni tovuti tofauti, kila moja na hifadhidata yake, ila zote zinaendeshwa na programu moja, MediaWiki. Kwa hiyo API, yaani njia ambayo skripti yako inaombea data, ni ileile: badilisha jina la tovuti, acha sehemu ya mwisho ilivyo.

https://sw.wikipedia.org/w/api.php
https://fr.wikipedia.org/w/api.php
https://www.wikidata.org/w/api.php

Kufanana huku kunawaponza wengi. Wanahifadhi pageid (namba ya ukurasa) wakidhani itafaa kila mahali, kumbe kila wiki inahesabu kurasa zake kivyake: namba moja ni makala mbili zisizohusiana kabisa. Majina nayo hayaaminiki, maana Misri kwa Kifaransa ni Égypte. Kinachobaki vilevile popote uendapo ni namba ya Wikidata, hifadhi ya data inayounganisha makala za lugha zote; namba hiyo huanza na Q. Misri ni Q79. Hiyo ndiyo uiweke kwenye jedwali lako.

Anzia kwenye wiki ambayo majina yake unayo:

?action=query&titles=Misri|Kenya&redirects=1&prop=pageprops&ppprop=wikibase_item&format=json&formatversion=2

Ombi moja linabeba majina 50 kwa akaunti ya kawaida. Usiache redirects=1. Jina likiwa elekezo tu (ukurasa unaokupeleka kwenye makala nyingine), bila kigezo hicho utaletewa ukurasa wa elekezo wenyewe, ambao kwa kawaida hauna namba ya Q, nawe utadhani makala haipo Wikidata. Ukiacha formatversion=2, kurasa zinakuja chini ya pageid badala ya kuja kama orodha, na zisizokuwepo zinapewa namba hasi. Tena usioanishe majibu na majina yako kwa kufuata mpangilio. Pitia vipengele vya normalized na redirects uone kila jina limegeuzwa kuwa lipi.

Ukishapata namba za Q, nenda Wikidata:

?action=wbgetentities&ids=Q79|Q114&props=sitelinks&sitefilter=swwiki|frwiki|enwiki&format=json

Hapa pia kikomo ni 50. Lugha isiyotokea kwenye sitelinks (orodha ya viungo vya makala kwenye kila wiki) haina makala iliyounganishwa, na hilo si hitilafu. Zingatia kwamba sitefilter inataka jina la hifadhidata, si anwani ya tovuti. Usilitunge kwa kubahatisha: zh-yue.wikipedia.org ni zh_yuewiki, na be-tarask.wikipedia.org ni be_x_oldwiki. Omba action=sitematrix, orodha ya wiki zote, mara moja, hifadhi dbname (jina la hifadhidata) na url za kila wiki, kisha ruka zenye alama ya closed, yaani zilizofungwa. Commons utaikuta chini ya specials.

Ukiomba orodha ndefu, mfano makala za jamii fulani kwa list=categorymembers na cmlimit=500, angalia kama jibu lina continue. Likiwa nayo, data haijaisha. Chukua vyote vilivyomo ndani yake, viongeze kwenye ombi la awali bila kubadilisha kitu, tuma tena, mpaka continue isiwepo.

Seva hizi zinatumiwa na dunia nzima, na ni haki kuzitendea kwa adabu. Weka User-Agent (kichwa cha ombi kinachosema ni nani anayeomba) yenye jina la skripti yako na njia ya kukupata. Bila hiyo unaweza kufungiwa. Tuma ombi moja, subiri jibu, ndipo utume jingine. Kwa kazi isiyo na mtu anayesubiri kwenye skrini, ongeza maxlag=5: seva zikielemewa utapata kosa la maxlag pamoja na kichwa cha Retry-After, nawe usubiri sekunde zilizotajwa. Soma kipengele cha error kila mara, kwa sababu makosa mengi ya API hii yanarudi na HTTP 200 (namba ya kusema ombi limefaulu), na skripti inayotazama namba hiyo peke yake itayapita bila kujua.

Kwenye kivinjari, ongeza origin=* kwenye anwani yenyewe, hata ukitumia POST, la sivyo kivinjari kitazuia jibu. User-Agent yako iandike kwenye kichwa cha Api-User-Agent.

Ukitaka kuhariri, akaunti ni moja kwa wiki zote lakini tokeni ya csrf (msimbo wa kuthibitisha kwamba uhariri umetoka kwako) uiombe kwenye kila wiki unayoiandikia. Ukipata kosa la badtoken wakati tokeni ni mpya, tazama mwisho wake: huishia na +\, na alama ya + isipoandikwa %2B inageuka nafasi tupu njiani.