Somo: Kuunda mizizi ya maneno na vinyambuo vyake katika lugha ya kubuni

Somo hili linawahusu wanachama wanaoandika hadithi za ulimwengu wa kubuni na wanaotaka watu wao wawe na lugha yenye maneno yaliyo na undugu, yaani vinyambuo vinavyotoka katika mzizi mmoja. Lugha ya mfano naiunda papa hapa. Wasemaji wake wanaishi katika nchi kavu kama hii yetu ya Dodoma, ambako mvua ikikatika mito hukauka na watu huchimba mchanga wa mtoni kutafuta maji.

Hatua ya kwanza: chagua maana kabla ya sauti. Mzizi mzuri hubeba tendo ambalo maisha ya wasemaji hayaendi bila hilo. Kwa watu hawa tendo hilo ni kuchimba maji mchangani, nami nimelipa mzizi thol-.

Hatua ya pili: weka viambishi vichache, yaani vipande vya kubandika kwenye mzizi, uvifuate bila kuyumba. Nimeweka -a cha kitenzi, o- cha mtendaji, -em cha mahali na -un cha hali. Tunapata thola, ‘kuchimba maji’, othol, ‘mchimbaji’, tholem, ‘kisima cha mchangani’, na tholun, nitakayoieleza punde. Ukileta mzizi mwingine, tuseme gar- wa kuchunga mifugo, msomaji aliyekwisha kukutana na othol atamtambua ogar bila kuambiwa.

Hatua ya tatu ndiyo nzito: acha baadhi ya maana zisogee. Tazama msomaji na msomi katika Kiswahili. Yote mawili yametoka katika mzizi som-, lakini msomaji ni yeyote aliyeshika kitabu au gazeti, ilhali msomi ni mtu mwenye elimu kubwa, na tofauti hiyo imeletwa na matumizi kuliko viambishi. Kwa sababu hiyo sikuiacha tholun iwe ‘uchimbaji’ tu. Anayechimba mchanga hukuta kwanza unyevu, kisha hungoja maji yajikusanye polepole shimoni ndipo ayateke kwa kata; basi tholun nimeipa maana ya ‘subira’. Nayo tholem, kwa kuwa majirani hukutana kisimani, imekuwa pia ‘baraza’. Msisogeze maana ya kila neno, kwa sababu mzizi hautatambulika tena.

Hatua ya nne: panga kamusi yako kwa mizizi, kila mzizi na vinyambuo vyake chini yake.

Maswali ya wanachama

Swali: Mizizi mingapi inatosha kuanzia?

Jibu: Kwa hadithi fupi, 20 inatosha. Kwa viambishi vinne hivyo unapata maneno 80, kabla hata hujaunganisha mizizi miwili.

Swali: Shikamoo mwalimu. Je, mzizi mmoja unaweza kuzaa maneno katika lugha mbili za hadithi moja?

Jibu: Marahaba. Unaweza, na mwandishi J.R.R. Tolkien alifanya hivyo katika Quenya na Sindarin, lugha mbili alizozibuni mwenyewe: mzizi MEL, wenye maana ya kupenda, ulizaa meldo katika ya kwanza na mellon katika ya pili, yote mawili yakimaanisha ‘rafiki’. Jambo la lazima ni kanuni ya sauti. Ukiamua kwamba lugha dada inageuza th kuwa s, basi othol atakuwa osol, na kila neno lenye th lifuate njia hiyo hiyo.

Swali: Mwalimu, mimi ni wa Kondoa, na kwetu husikika Kirangi, Kiburunge na Kisandawe. Naruhusiwa kutumia vidoko vya Kisandawe, zile sauti za kualisha ulimi?

Jibu: Sauti ni za kutumia, mradi uziheshimu. Katika Kisandawe vidoko ni konsonanti kamili zinazotofautisha maana, kwa hiyo usivinyunyize ili neno lionekane geni. Vipangie mahali, kwa mfano mwanzoni mwa mzizi tu, na usiviweke kwenye viambishi; hapo msomaji akiona kidoko katikati ya neno refu atajua kwamba mzizi umeanzia hapo.