Ukitaka zebra ya kuvuka barabara mbele ya shule yenu Nairobi, usingoje tingatinga ifike

Wanairobi tunapanga barabara tukiwa ndani ya matatu, kwa jam, na hasira juu, halafu tukishuka steji basi imeisha hiyo. Na siku tingatinga inaingia mtaani ushachelewa, pesa zilipigiwa hesabu kitambo na yule jamaa mwenye ramani hana ruhusa ya kukuongezea hata bampu moja.

Jua kwanza barabara ni ya nani. Mimi mara ya kwanza kwenda kikao cha wodi nililia kuhusu Thika Road karibu dakika tano, watu wakapiga makofi, halafu afisa akaniambia pole pole, hiyo si yetu. Highway kama hiyo iko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za kitaifa, KURA, mamlaka ya barabara za mijini, wana barabara zingine kubwa za mjini, na kaunti wana barabara za mitaani, taa, paking na usafiri wa umma, iko kwa Katiba ya 2010, Jedwali la Nne.

Halafu kalenda. Mwaka wa serikali unaanza Julai 1, lakini mpango wa maendeleo wa kaunti unafaa kuwa kwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1 ya mwaka uliotangulia, yaani miezi kumi mapema, na makadirio ya bajeti yanafika Aprili 30. Vikao vya kutoa maoni viko hapo katikati na tangazo mara nyingi liko kwa gazeti ambalo hakuna mtu mtaani ananunua, so pitia ofisi ya wodi na kwa MCA, yule mwakilishi wenu kwa bunge la kaunti, uulize, uulize tena.

Ukienda usiseme "barabara ni mbaya", hiyo wanaisikia kila siku. Keti hapo kwa geti na watu wawili kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi mpaka saa mbili, siku tatu hivi, mhesabu watoto wanaovuka na matatu zinazopakia hapo hapo, mpige picha. Kisha uitishe kitu kimoja cha kuonekana: zebra, au bampu mbili, au njia ya miguu mpaka steji. Na ongea na mama mboga kabla ya kikao tafadhali, kwa sababu yeye akisikia njia ya miguu anasikia kubomolewa kibanda, na akisimama kukupinga mbele ya watu uko na haki gani ya kushangaa? Watu wa boda pia.

Kuongea peke yake haitoshi. Andika barua pia, na ofisi wagonge muhuri kwa kopi yako. Taja pia kwamba Nairobi ilitoa sera ya watembea kwa miguu na baiskeli 2015, iliyosema asilimia 20 ya bajeti ya uchukuzi iende huko, hiyo huwafanya waangaliane.

Wakinyamaza, tumia sheria ya kupata habari ya 2016. Barua unaweza kuandika kwa Kiswahili, sheria yenyewe inasema hivyo, uulize kama mradi wenu uko kwa bajeti na ni pesa ngapi, na wana siku 21 za kujibu. Wakikataa unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile watu huita Ombudsman, na hapo ndipo ile kopi yenye muhuri inatoka kwa bahasha.