Kupanga bei ya fimbo ya pool ya fundi asiyejulikana

Kabla ya kutaja bei, ivingirishe juu ya meza iliyo sawa: kwanza ikiwa nzima, kisha kila nusu peke yake. Nusu zikiwa nyoofu lakini nzima inayumba, kasoro iko kwenye kiungio. Hapo shusha bei sana. Ncha ya ngozi iliyochakaa hubadilishwa tu. Pima uzito: gramu 510 hadi 600 ni kawaida, na mpini wa mpingo pekee huzidi uzito huo upesi.

Anzia bei ya fimbo ya kiwandani yenye mbao kama hizo, uongeze kazi ya mkono unayoiona, si sifa unazosimuliwa. Iliyotoka Mombasa ikae Nairobi wiki mbili kwanza. Hewa kavu huweza kuipinda.

Mkibadilishana fimbo kwa fimbo, kadirieni zote mbili kwa shilingi, tofauti ilipwe kwa M-Pesa fimbo zikiwa mkononi.