Acha shingo ya tunguu nje ya mchanga
Unapopanda krinamu, mmea wa maji wenye tunguu na maua meupe, ndani ya tangi la samaki, fukia mizizi na theluthi ya chini ya tunguu pekee, kwa sababu mchanga ulioshindiliwa hukosa hewa, na shingo iliyozikwa humo ndiyo huanza kuoza. Aina yake iitwayo Crinum thaianum, ambayo asili yake ni kusini mwa Thailand, huvumilia joto letu na hata maji magumu ya visima vya Mombasa, mradi yasiwe ya chumvi. Matunguu machanga yakichipuka ubavuni, yasitenganishwe kabla hayajaota mizizi yake yenyewe. Niliharakisha, nikapoteza mawili. Tunguu lililokwisha kulainika na kunuka haliokoki kwa kuachwa shingo nje.