Kabla hujakubali kuhamia kijijini ugenini

Anza na leseni ya udereva. Mimi nilihamia kijijini ughaibuni bila gari, na baridi ya kwanza ikanitia adabu: basi lilipita mara mbili kwa siku, na la jioni liliondoka dakika kumi kabla sijatoka kazini.

Kisha soma masharti ya viza mstari kwa mstari. Viza namba 491 ya Australia, iliyoanza Novemba 2019, hudumu miaka 5 na inakutaka uishi na kufanya kazi nje ya miji mikubwa ya Sydney, Melbourne na Brisbane. Baada ya miaka 3, ukitimiza masharti mengine, unaweza kuomba ukaazi wa kudumu.

Mwajiri muulize waziwazi: nikiachishwa, nani mwingine anaajiri hapa? Akisitasita, umeshajibiwa.

Serikali kuhimiza wahamiaji waende vijijini naunga mkono, ila bila basi wala nyumba za kupanga, huko ni kumtupa mtu. Kwa hiyo nenda ukalale siku mbili kwanza, tena wakati wa baridi. Kiangazi kila kijiji kinapendeza.