Klabu isihame na mwenyekiti wake

Ukikabidhiwa uongozi wa klabu ya huduma kwa jamii, mtafute atakayekurithi kabla hujakizoea kiti. Rotary, mtandao wa klabu za huduma ulioenea duniani, hawacheki na jambo hili. Mwaka wao huanza tarehe 1 Julai, na anayefuata huchaguliwa mapema ili ajifunze kando ya aliyepo. Klabu zetu ndogo hapa Kisumu hungoja mwenyekiti apate uhamisho wa kwenda Mombasa, ndipo watu waanze kuulizana cheti cha usajili kiko kwa nani.

Mrithi huyo mpe kazi yenye uzito. Aandamane nawe benki, awajue watia sahihi. Barua ya chifu aiandike yeye. Mkutano mmoja auendeshe mwenyewe, nawe ukae nyuma unyamaze. (Kunyamaza ndiyo kazi, nakwambia.)

Sasa wanachama. Viongozi wengi hulaumu ada. Mimi naona wageni wengi hutukimbia kwa sababu walifika siku ya kwanza wakakosa la kufanya. Chukua usafi wa ufuo wa Dunga Jumamosi asubuhi: vijana wamejaa, reki hazitoshi, gambuti wamevaa wazee wa klabu, na mgeni anabaki kupiga picha magugu maji. Mwezi ujao humwoni.

Sisi kila mgeni tunamkabidhi kwa mwanachama wa mtaa wake, wa Manyatta kwa wa Manyatta, wa Nyalenda kwa wa Nyalenda, ili hata kurudi wapande matatu moja. Kisha apewe kazi inayojulikana ni yake: huyu daftari la mahudhurio, yule kuhesabu magunia ya taka, mwingine kuelewana na wavuvi magugu yarundikwe wapi. Jumatatu apigiwe simu. Ujumbe wa "asanteni nyote" kwenye kundi la WhatsApp hauhesabiki. Mpigie umwambie, "Ulisema dada yako ni muuguzi, tutampata siku ya kuchangia damu?" Mtu akishaulizwa hivyo, ni mwenyeji.

Vijana wa shule ndio akiba yenu, na hapa ndipo klabu nyingi huzembea. Rotary wana Interact ya wanafunzi, kisha Rotaract ya vijana waliokwisha kukua, iliyoanza 1968. Zamani ukifika miaka 30 Rotaract ilikutoa. Tangu 2020 kikomo hicho hakipo. Hata kama hamna uhusiano na Rotary, igeni hiyo njia. Mkiwa na klabu katika shule ya sekondari, andikeni majina ya kidato cha nne kabla ya mtihani, pamoja na simu ya mzazi. Wakimaliza hukaa nyumbani miezi mingi wakingoja chuo, na nguvu wanazo.

Pesa zisipite kwenye laini ya mtu binafsi. Mweka hazina asome taarifa ya M-Pesa mbele ya wote, shilingi kwa shilingi. Msisahau pia kwamba Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inataka kikundi kiwe na watu wasiopungua kumi, kwa hiyo wanachama wakipukutika hata cheti kinatia shaka.

Waliowahi kuongoza wawekeni mwisho wa ajenda. Wakitangulia kusalimia, saa sita itawakuta wangali wanasimulia enzi zao, na wageni wameshawahi gari la Kondele.