SOMO: Kumwekea mteja mipaka kabla kamera haijatoka kwenye begi

Somo hili lilianzia kwenye shati la drafti. Nilipiga video ya harusi Mikindani, nikaediti, bwana harusi akaangalia, akasema safi kabisa. Siku tatu baadaye akafika mzee mmoja kwangu Chikongola, hapa Mtwara mjini, kofia mkononi, akavuta stuli karibu na kompyuta na kusema, "Mwanangu, hebu ianze mwanzo." Alikuwa mjomba wa bibi harusi. Tukaangalia saa mbili na nusu. Kila akitokea bwana mmoja mwenye shati la drafti, mzee ananyanyua kidole: "Huyu mtoe." Yule bwana alikuwa amemwacha mkewe, ambaye ni dada wa huyo mzee, na kwa bahati mbaya siku ile aliamua kusimama kila mahali: nyuma ya keki, pembeni ya shehe, kwenye foleni ya pilau. Nikamtoa mara ishirini na kitu. Mzee akashukuru, akaaga kwa adabu zote. Wiki iliyofuata akaja mama mkubwa wa bibi harusi, huyohuyo dada aliyeachwa, kuuliza mbona baba watoto wake haonekani kwenye video.

Kazi ile niliifanya mara nne kwa bei ya mara moja. Na wala simlaumu mzee. Hakuna aliyemwambia kuna mpaka, hata mimi sikuwa nimejiwekea. Ukiutamka mpaka wakati kazi imeshafika mezani, unasikika kama ugomvi. Ukiutamka siku ya kupatana, mteja anauchukua kama sehemu ya bei. Hatua zote hapa chini zinatokana na hilo.

Hatua ya 1: Mtafute mwenye neno la mwisho

Huku kwetu, Wamakonde, Wamakua na Wayao ukoo tunaufuata kwa mama, na mjomba ana sauti ambayo baba mzazi anaweza asiwe nayo. Anayekupigia simu na kulipa kianzio ni bwana harusi au katibu wa kamati. Anayekuja kuikataa kazi ni mjomba. Kwa hiyo swali langu la kwanza siku hizi halihusu bajeti. Nauliza: "Video ikiisha, nani ataangalia na kusema imepita?" Wengi hucheka, halafu wananyamaza, wanaitana pembeni.

Jina likitajwa naomba namba, napiga mwenyewe. "Shikamoo mjomba. Mimi ndiye wa video. Nimeambiwa neno la mwisho ni lako, basi nitasikiliza lako peke yake." Mzee aliyeamkiwa hivyo mapema atakufukuzia wanakamati wengine wote bila wewe kufungua mdomo.

Maofisini ni yaleyale, tofauti ni tai. Afisa habari anasema imependeza, mkurugenzi anakuja kuona bango la nyuma lina nembo ya zamani. Uliza kabla.

Hatua ya 2: Andika ujumbe mmoja

Mkataba wa kurasa nne humtisha mtu wa harusi, anadhani unataka kumfunga. Mimi natuma ujumbe mmoja WhatsApp, hata kama tumeshapatana ana kwa ana:

"Habari kaka. Kama tulivyoongea: harusi Jumamosi, saa 8 mchana hadi saa 4 usiku, kamera mbili. Bei 600,000. Kianzio 300,000 kabla ya Alhamisi, 200,000 siku yenyewe kabla sijaingia ukumbini, 100,000 ukishaona sampuli, ndipo nakabidhi. Marekebisho mara mbili, yote kupitia kwa mjomba. Ya tatu ni 30,000. Muda ukizidi, kila saa 40,000. Ukikubali niandikie NIMEKUBALI."

Akijibu kwa sauti, mwombe aandike. Akijibu kwa kidole gumba, mwombe aandike. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ujumbe wa namna hii kupokelewa kama ushahidi, lakini sijawahi kufika huko. Maneno "kaka, hebu panda juu kidogo kwenye meseji zetu" yamenimalizia kesi nyingi kwa amani.

Hatua ya 3: Pesa, na ule wimbo wa mnada

Kuanzia Oktoba hadi Desemba, mwaka mwingine mpaka Januari, utasikia sentensi moja kuliko zote: "Hela ya mnada ikitoka nakumalizia." Usimwone tapeli. Mtu amepeleka korosho chama cha msingi cha ushirika, zimeingia ghalani, anayo stakabadhi, anangoja mnada, na baada ya mnada angoje pesa iingie benki. Tarehe haiko mikononi mwake. Ila wewe usiibebe tarehe hiyo mgongoni. Ninachojibu ni hiki: "Sawa kabisa, tusubiri mnada. Na video itasubiri pamoja nasi." Nasema huku natabasamu, na sibadiliki. Siku 14 za kuediti naanza kuzihesabu malipo mawili ya kwanza yakiingia, si harusi ikiisha.

Kianzio kifike mahali pa kulipia kamera ya pili uliyokodi, nauli mpaka Nanyamba na chakula cha msaidizi wako. Kisipofika hapo, jua wewe ndiye mfadhili wa harusi na jina lako halitatajwa kwenye shukrani.

Na Jumamosi za msimu ni chache. Tarehe ni ya aliyelipa. Aliyesema "niwekee tu" hajaweka kitu.

Hatua ya 4: Sampuli, na neno "kidogo"

Sampuli naitoa ikiwa na ubora wa chini na jina langu likipita katikati ya picha. Ukiliweka pembeni wanalikata. Kisha naomba marekebisho yote kwenye ujumbe mmoja, kwa dakika na sekunde: "12:40, mtoe wa shati la drafti." Sipokei "ipendezeshe." Sipokei "ichangamshe kidogo."

Hili neno "kidogo" ndilo ghali kuliko yote kwenye kazi yetu. "Badilisha kidogo ule wimbo wa kuingilia" maana yake picha zikatwe upya zifuate mdundo mwingine, taarabu haikatwi kama singeli. Halafu faili zima lirendwe tena, yaani kompyuta iitengeneze video yote upya, na kwa kompyuta yangu hiyo ni saa tatu umeme ukiwa na huruma. Mteja hayajui haya kwa sababu yeye anaona kitufe tu. Kuna kaka mmoja nilimkaribisha akae, nikabadilisha wimbo mbele yake, nikabonyeza, tukautazama ule mstari ukitambaa. Asilimia 4. Asilimia 6. Akaomba maji. Ilipofika 11 akaaga, akaniambia wimbo wa kwanza nao ulikuwa mzuri.

Kosa likiwa lako, sauti imekatika au jina la bibi harusi umelikosea, rekebisha bure na usilihesabu kwenye zile mara mbili.

Hatua ya 5: Saa za simu

Saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni. Nimeiandika kwenye wasifu wa WhatsApp. Usiku sijibu hata kama nimeona, kwa sababu ukijibu saa 5 usiku mara moja, umeshafungua ofisi ya usiku.

Hatua ya 6: Usivyopiga kwa bei yoyote

Kila mtu na orodha yake. Yangu ina vitu viwili vikubwa.

Cha kwanza ni ndani ya unyago na jando. Siku ya kutoka wali, yaani vijana waliofundwa, ngoma iko uwanjani na watu wote wanaona, napiga, na ni kazi nzuri ya Juni na Desemba. Lakini mafunzo ya ndani, hapana. Nimewahi kuahidiwa mara mbili ya bei na ndugu aliyeko mjini, anataka "kumbukumbu." Nikamwambia amtafute nyakanga, kiongozi wa mafunzo hayo, akikubali yeye ndipo anirudie. Hakurudi. Mwenye kile kitu ni nyakanga na wazee, ndugu wa mjini hana mamlaka ya kuniuzia mlango.

Cha pili ni droni bila kibali. "Rusha tu, nani atajua?" Mamlaka ya Usafiri wa Anga inataka kibali, uwanja wa ndege wa Mtwara uko karibu na mji, na kuna mitambo ya gesi Madimba ambayo hakuna mlinzi atakayekuuliza kwa upole. Droni ikikamatwa, mteja atakuwa mezani anakula pilau. Kibali kikihitajika, muda wake uingie kwenye tarehe na gharama yake kwenye bei, la sivyo hakuna picha za juu.

Hatua ya 7: Kuachana

Ikishindikana, rudisha kianzio ukitoa ulichokwisha kutumia, na umwonyeshe hesabu. Yaliyokwisha kulipiwa mkabidhi. Mafaili yatunze siku 30 na umwambie tarehe ya mwisho. Halafu nyamaza. Hapa mjini neno likitoka Shangani asubuhi, adhuhuri liko Magomeni.

MASWALI YA WANACHAMA WA KUNDI LETU LA WAPIGA VIDEO

*Masasi:* Jirani yangu kanipa kazi ya kumaliza msiba wa baba yake, sasa anasema sisi ni watu wa kujuana, pesa ya nini. Nafanyaje na tunaonana kila siku kisimani?

Msiba ni kitu kingine, pole kwanza. Mimi kwa jirani nina njia mbili tu: bei kamili, au bure kabisa kama mchango wangu, na naisema siku ya kwanza. Nusu bei ndiyo inayozaa chuki, kwa sababu yeye anaona kalipa na wewe unaona umesaidia, na wote wawili mnadaiana. Kwa hii iliyokwisha kufanyika, mwambie ni rambirambi yako na uikabidhi. Inayofuata, ujumbe kwanza.

*Lindi mjini:* Shirika limemaliza kulipa kazi, sasa wanataka na picha ghafi zote. Wanasema wamezilipia. Pia wamenikata pesa fulani bila kuniambia.

Mlikubaliana nini? Kama hamkulisema, mko sawa wote, na hapo ndipo pabaya. Piga hesabu uwaonyeshe: video ya 4K, ile ya ubora wa juu, kwa megabiti 100 kwa sekunde ni GB 45 kwa saa. Kamera mbili, saa tatu, ni GB 270. Hiyo haitumwi kwa bando, inataka hard disk, na wainunue wao. Mimi picha ghafi nazitaja tangu mwanzo kama kitu chenye bei yake. Ambao hawajazilipia wanapata video iliyokamilika.

Hiyo waliyokata, angalia kama ni asilimia 5. Hiyo ni kodi ya zuio kwenye malipo ya huduma, wanaipeleka TRA. Dai cheti chake, usiwadai wao pesa. Na bei ijayo ipange ukijua itakatwa.

*Nachingwea (mwanachama wa kike):* Mteja mwanaume anataka tuangalie sampuli gesti aliyofikia, eti ndiko kuna utulivu. Nikikataa naonekana namdhania vibaya.

Dada, mwache aone hivyo. Mwambie sampuli unazionyesha sehemu moja tu, iwe mgahawa, ofisi au stendi, na ni utaratibu wa kazi kwa wateja wote. Neno "utaratibu" linakubeba, huna haja ya kujieleza. Nilimuuliza mwenzetu wa kike aliyekaa kwenye kazi hii kuliko mimi, naye akaongeza: nenda na msaidizi kila mara, na gharama yake iweke kwenye bei tangu mwanzo. Mteja akiuliza msaidizi wa nini, jibu ni "anashika taa."

*Kilwa:* Mteja analalamika video ina ukungu, anataka nirudie bure.

Muulize ameitazamia wapi. Tisa kati ya kumi wameipata kwenye kundi la familia, na WhatsApp inaibana video mpaka inakuwa uji. Mtumie kama dokumenti, inapokea mpaka GB 2, au mpelekee flashi. Ikiwa bado ina ukungu kwenye flashi, ndugu yangu, ni lenzi yako. Rudia.

*Newala:* Mteja amechukua sampuli yenye jina langu katikati, kairusha mtandaoni, hajamalizia pesa na simu hapokei.

Sampuli ni kazi yako na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inakulinda. Ila usianzie huko. Anzia kwa yule wa Hatua ya 1. "Mjomba, shikamoo, naona video imeshatoka na jina langu limemziba bibi harusi usoni. Ningependa nilitoe." Pesa huja kabla ya jioni.

*Tandahimba:* Kaka, kwa masharti haya huku kwetu utakufa njaa. Ukisema kianzio nusu, wanamwita kijana mwenye simu.

Ni kweli, na nimepoteza kazi kwa njia hiyo. Mwaka nilioanza masharti, Oktoba yote nilikuwa na harusi mbili, na mke wangu aliniuliza kama nimegombana na mji. Kijana mwenye simu akachukua nyingine nne. Januari mmoja kati ya wale wanne alinipigia akiuliza kama naweza kuokoa sauti ya nikahi iliyorekodiwa na upepo. Nikamwambia naweza kujaribu. Nikamtumia ujumbe wa Hatua ya 2.